Mzee Fyuzi na Gari Lililosukumwa na Bibi Harusi

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa hapa mpaka barabarani, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu, fundi umeme wa magari tuliyemzoea kwa jina la Mzee Fyuzi, na atakayecheka asione haya, maana marehemu mwenyewe alikataa kusomewa historia ya kununa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa tatu wa mshona viatu na muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akaanza shule ya msingi mwaka 1957, enzi ambazo mama yake alisema hakuna tochi iliyolala salama karibu na mwanawe, kisha akahitimu chuo cha ufundi Novemba 1968, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika karakana ya mabasi. Mwaka 1974 alinunua gari kuukuu la bluu, lenye taa za mviringo, ambalo mkewe amelivumilia miaka yote kama mke mwenza.

Ndoa ilifungwa tarehe 14 Agosti 1976, na hapa mjane ameamuru tusifiche kitu. Bwana harusi, akitaka kuwakoga wakwe, alilifungia gari taa mbili za ziada, redio, feni na king'ora, vyote vikitegemea altaneta, mashine ya kuzalisha umeme wa gari, ile ndogo iliyokuja nalo, na rafiki zake walipouliza kama itatosha, akawajibu kwamba fundi ni yeye. Msafara ukaenda polepole, kila kitu kikiwaka mchana kweupe, altaneta ikazidiwa, betri ikaisha, gari likazima hatua chache kutoka lango la wakwe, na bibi harusi akashuka na gauni lake jeupe akasukuma. Wiki iliyofuata bwana harusi alifunga altaneta kubwa lakini akaacha waya ule ule mwembamba, waya ukashika moto uani kwa wakwe, na baba mkwe akaja mbio na ndoo ya mchanga, akilalamika kwamba binti yake ameolewa na jiko.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye lake lilivunjika hadharani. Aling'oa mapambo yote, na tangu hapo, hata alipofungua karakana yake mwenyewe, mteja akileta taa mpya, alijumlisha kwanza mzigo wote, akatafuta altaneta ya kuubeba hata injini ikiwa inanguruma tu bila kwenda, akavuta waya mnene mpaka kwenye betri, akamalizia na fyuzi ya kuulinda waya ule. Walijaliwa watoto watatu, muuguzi, mwalimu, na binti kitinda mimba aliyeirithi karakana ya baba yake mwaka 2009, na kila mtoto alipozaliwa yeye aliongeza zamu zake za jikoni, akisema mzigo hauongezwi kabla ya nguvu.

Februari 2023 moyo wake ulianza kuchoka, akawekewa kifaa kidogo cha umeme cha kuusaidia kupiga, naye akamhoji daktari unene wa waya wake mpaka daktari akacheka. Kitandani alikuwa na hofu moja tu, kwamba siku ya kuzikwa gari lingezima na mkewe angesukuma tena, basi akamwagiza kitinda mimba arudishe mapambo yote ya harusini, safari hii kwa hesabu kamili. Alifariki tarehe 3 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri, waya mnene ukiwa bado haujafungwa, na hilo lilituuma sana, lakini binti aliumalizia jana huku akilia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotulisha, na wenzake wa karakana ya mabasi waliokesha nasi. Leo asubuhi mjane alitoka nyumbani amevaa raba, viatu vya heshima amevitia mkobani, kwa kuwa anamjua mumewe. Gari la bluu limelitangulia jeneza mwendo wa miguu, taa, feni na redio vikifanya kazi, na hadi sasa linanguruma pale langoni mwa makaburi. Mama, vaa viatu vyako vya heshima. Mzee Fyuzi, umefika bila kusukumwa, pumzika kwa amani.