Sukari ya Ukoo Wetu, Si ya Mandazi Yangu

"Unauza mandazi, mutoto anakula faida! Ndiyo maana damu yake iko na sukari."

Ndugu zangu wa kikundi, mhudumu wa kliniki moja hapa Bwera alinitupia maneno hayo mbele ya foleni nzima, binti yangu kainamisha kichwa. Asubuhi hiyo alikuwa ameanguka darasani, sindano za insulini walizompa hapo kliniki zimeshusha sukari mno. Nikapiga meza. "Huyu hata chai anakunywa bila sukari! Msikilize basi!"

"Mama, toka nje."

Nikatoka. Moja kwa moja na binti hadi hospitali ya Kasese mjini.

Daktari wa kule alishangaa: vipimo vya kabla ya sindano vinaonyesha sukari ya mtoto iko juu kidogo tu, haipandi, wala hakondi. "Mama, kwenu nani mwingine anayo?" Nawaambia, tangu msichana aanze kupimwa, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo!

Wiki hiyo tulikuwa tunamaliza matanga ya baba yangu, Munkunyu. Shangazi alikuja kutoka Butembo, baba mdogo akateremka kutoka Kyarumba. Daktari akaniazima kipimo cha kidole. Alfajiri nikasimama mbele ya birika: "Hakuna chai mpaka kidole!"

Shangazi akalia, "Yesu wangu, huyu anatuuza damu!" Wafiwa wakacheka hadi machozi. Kipimo hakikucheka. Mimi, juu. Shangazi, juu. Baba mdogo, mtu wa kupandisha gunia la kahawa mlimani bila kuhema, juu. Sawasawa na mtoto!

Damu yetu ikapelekwa kupimwa jeni, yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Jibu likarudi: jeni moja ya ukoo ndiyo inayoishikilia sukari pale juu tangu tumboni. Daktari akasimamisha sindano. Binti yangu sasa anaruka kamba, jamani! Lakini msiache sindano kwa sababu yangu. Kwa mtoto mwingine ndizo uhai wake. Apimwe kwanza.

Asanteni mlionikaangia mandazi nilipokuwa hospitali. Asante shangazi kwa kidole chako. Nanyi, msione aibu kutaja sukari ya kwenu. Hata msipoulizwa, semeni.

Na hasira yangu? Ipo. Juzi nimeiandika barua, nikaipeleka ofisi ya afya ya wilaya, wakaigonga muhuri: "Nalalamika kwamba mwanangu alichomwa sindano bila familia yake kuulizwa. Nataka mhudumu yule aniombe radhi mbele ya foleni, palepale aliponitukana. Na mtoto yeyote mwenye sukari isiyoeleweka, mzazi wake aulizwe: kwenu nani mwingine anayo?"