Kamera ya Sindano na Mtu wa Kiatu Kimoja

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Mama Birika, muuza kahawa, Jumamosi ya pili baada ya jambo lenyewe kutokea, akiwa jikoni kwa dada yake Sindano akisubiri maji yachemke. Wengine waliongeza chumvi baadaye, lakini yeye ndiye aliyekuwapo tangu mwanzo hadi mwisho. Benchi linalotajwa lilikuwa nje ya kibanda cha Sindano, fundi viatu: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umelainika kama kipande cha sabuni kwa miaka ya kukaliwa. Mlango wa pili ulikuwa wa kinyozi aliyeitwa Redio, kwa kuwa alianza kusema tangu kunapopambazuka na hakuna aliyewahi kukiona kitufe chake cha kuzimia. Mwisho wa benchi alikaa Karani, mpiga chapa mstaafu, mtu ambaye hata kiberiti hakukiwasha kabla ya kusoma maandishi ya ubavuni. Mama Birika alikaa mbele yao kwenye kigoda, jiko la mkaa miguuni.

Asubuhi ile Sindano hakushika sindano. Alitoka nyumbani na boksi jeupe, akalipakata.

— Gari linamfuata Mama Mdogo saa tano, — alisema. — Na boksi hili, alilopewa na binti yangu atuletee, kalikuta leo, chini kabisa ya begi, alipokuwa anafunga mizigo. Wiki nzima limelala humo.

— Wiki nzima! — Redio alidakia. — Na binti yako huko kazini hospitalini anakupigia kila siku: “Baba, mzigo mmepata?” Na wewe unajibu, “Tumepata mama, asante.”

— Nilidhani ni zile sabuni.

— Mtu anakutumia kamera, unamshukuru kwa sabuni!

— Sabuni zenyewe zilikuwa nzuri, — alisema Mama Birika.

Walicheka, Sindano naye akacheka, lakini moyoni hakuwa na nafasi ya kucheka sana. Mama yake alikuwa na miaka sabini na tisa, Mama Mdogo sabini na nne, na hawakuwa wameonana kwa miaka saba. Picha ya wawili hao pamoja haikuwepo. Picha za nyumba zilikuwa zikikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na mwaka mmoja paa lilivuja, zikagandamana zote zikawa kama kitabu kisichofunguka. Walifanikiwa kubandua tatu tu. Bati lile bovu Sindano alikuwa ameambiwa alibadilishe, akasema kesho, akasema keshokutwa. Sura ya marehemu baba yake haikuwemo katika zile tatu, na kwa miaka kumi na tisa alijua moyoni kwamba ni yeye aliyeipoteza. Hakumwambia mtu. Ila leo alijiapiza: wazee hawa wawili hawataachana saa tano bila kupigwa picha.

Betri ilikuwa tayari imechomekwa kwa Redio, kwenye soketi ya mashine ya kunyolea, na taa ya chaja ilikuwa nyekundu.

— Hiyo usiiguse mpaka kesho, — Redio alisema. — Betri mpya hushibishwa usiku na mchana. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ukiitoa na njaa leo, itakuwa na njaa maisha yake yote.

— Mama yake betri ni nani? — Karani aliuliza bila kuinua macho kwenye kitabu cha maelekezo.

— Chaja.

— Na ulimwengu?

— Nyumbani kwa Sindano.

— Kitabu kinasema dakika tisini.

— Kitabu kimeandikwa na watu wasioijua soketi yangu.

Karani alilamba kidole, akafunua ukurasa. Kitabu kilikuwa na lugha kumi na mbili na yao haikuwemo, hivyo alikuwa akitafsiri kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: — “Kabla ya kutumia, hakikisha umetumia kwa usahihi.”

— Hapo wamesema nini?

— Ndivyo kilivyoandikwa. Mimi siongezi neno.

Saa nne ilipogonga, taa ya chaja ikawa kijani. Redio alisema rangi ya kijani ni ya kuingilia tu, ya kutokea bado. Sindano alikwenda akaichomoa mwenyewe.

Ikaja kadi. Ilikuwa kama ukucha wa kidole gumba, ndani ya kijisanduku cha plastiki.

— Hiyo ni laini, — alisema Redio. — Lazima isajiliwe. Ukiichomeka hivi hivi, kila picha utakayopiga itakwenda kwa mtu mwingine.

— Basi huyo mtu mwingine atakuwa amebarikiwa, — alisema Mama Birika. — Atamwona mama yake Sindano.

— Si laini, — Karani alisema. — Hii ndiyo kumbukumbu. Bila hii, kamera inaona lakini haishiki.

— Kama Redio shuleni.

— Mama Birika, leo kahawa yako nainywa kwa uvumilivu tu!

Sindano aliijaribu kadi kwenye kijitundu chake. Ilikataa. Redio alimwambia asukume, mchumia juani hulia kivulini. Karani alitaka kujua methali hiyo inaingilia wapi, Redio akamjibu inaingilia hapo hapo kwenye tundu. Lakini Sindano hakusukuma. Alikuwa ameshona viatu miaka thelathini na minne, na alijua jambo moja: ngozi ikikataa sindano, kosa si la ngozi. Aliigeuza kadi chini juu. Ikaingia yenyewe, ikalia tik, kama mtu aliyetambua jina lake.

— Funga kifuniko, — Redio alisema. — Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ilikuwa methali yake ya kwanza kukaa mahali pake asubuhi ile, naye hakujua imemchoma nani. Sindano alifunga kifuniko polepole, akakibonyeza mara mbili kuhakikisha.

Kioo kikawaka. Kwanza kiliuliza lugha, Karani akajibu. Kisha zikatokea tarakimu zinazopepesa.

— Inauliza tarehe, — alisema Karani.

— Ya nini? — aliuliza Redio. — Kamera na tarehe wapi na wapi? Inataka tarehe yako ya kuzaliwa, Sindano. Ukishaipa tu, umeshaingia kwenye mafaili yao. Siku moja utaitwa.

— Niitwe na nani?

— Hao hao. Ndiyo maana hawaandiki majina.

— Ni tarehe ya leo, — alisema Karani. — Na saa. Na tuiweke sawasawa, maana picha isiyo na tarehe ni uvumi.

Neno hilo Sindano alilipenda. Hapo kukawa na mashindano ya saa. Ya ukutani kwa Redio ilisema saa nne na dakika ishirini na tano, lakini ilijulikana kuwa anaitanguliza ili wateja waogope kuchelewa. Mama Birika alifunua birika, akachungulia, akasema limebaki nusu, kwa hiyo ni saa nne na robo. Karani alivuta mkono wa shati. Saa yake ya mkono ilikuwa ya zawadi ya kustaafu, na kila asubuhi aliilinganisha na taarifa ya habari.

— Saa nne na dakika kumi na nane, — alitamka. — Weka nne. Weka kumi na nane. Ngoja! Usibonyeze. Mshale wa sekunde haujafika juu. Bado. Bado. Haya!

Sindano akabonyeza. Palikuwa na herufi za kuchagua, za asubuhi au za baadaye, Karani akachagua za asubuhi bila wasiwasi. Wote wanne walipumua. Hakuna kamera iliyowahi kuwekewa saa kwa uangalifu kama ile.

Sindano aliinua kamera kumwelekea Redio, kujaribu. Kwenye kioo kikatokea kisanduku cha manjano, kikamkaa Redio usoni.

— Nimefanyaje mpaka nifungwe?

— Kitabu kinasema inatafuta uso, — alisema Karani.

— Mbona kwako haikai? Ona, inakuruka!

— Ni kofia.

— Si kofia. Inachagua wenye heri. Na hiyo namba pembeni ni ya nini? Mia nane na kumi na mbili?

Karani alifunua kurasa, asiione haraka. Redio akasogeza uso karibu, akashusha sauti:

— Ni siku, jamani. Inatazama uso inakuhesabia siku zilizobaki.

Mama Birika alipuliza mkaa.

— Mia nane ni nyingi, — alisema Mama Birika. — Tutakunywa kahawa mpaka tuchoke. Leteni vikombe.

Ndipo alipofika mtu mmoja wa makamo, mgeni mtaani, amevaa kiatu kimoja na kingine amekishika mkononi, soli yake inaning'inia kama ulimi.

— Shikamooni, wazee wangu. Fundi, samahani, nimeona mna shughuli.

— Marahaba. Lete, — Sindano alisema. Alishukuru kupata kazi ya mikono. Alimpa Karani kamera ashike, akatia uzi kwenye nta, akashona soli ile mshono wa kwenda na kurudi, uzi mara mbili, huku wenzake wakibishana kama namba ni siku au ni picha. Mgeni alisimama kwa mguu mmoja, maana Mama Birika alikuwa amemwaga maji ya kuoshea vikombe, na soksi yake ilikuwa safi.

Kazi ilikuwa imebaki mishono mitatu mlango wa nyumba ulipofunguliwa. Mama na Mama Mdogo walitoka wameshikana mikono, hatua moja moja, wamevaa nguo za kutokea. Sindano aliweka kiatu chini, akawaketisha katikati ya benchi. Redio na Karani waliinuka wawapishe.

— Mnakwenda wapi? — Mama aliuliza. — Siku zote mmekaa hapa mkiniharibia mwanangu, leo ndiyo mnajifanya wageni? Kaeni. Na wewe wa kahawa, njoo.

Basi wakakaa. Redio alitaka upande wa mwanga, Karani alivua kofia akaivaa tena kisogoni, Mama Birika alikataa kuachana na birika lake. Mama Mdogo alisema gari likija lisubiri, yeye hajazaliwa kwa ajili ya gari. Sindano alirudi nyuma hatua tano, akainua kamera. Kwenye kioo vikatokea visanduku vya manjano vitano. Akahesabu. Wote wamo.

— Samahani, wazee wangu, — mgeni alisema kwa adabu. — Nauliza tu. Mnapanga nani asiwemo?

Karani alitazama kitabu. Redio alihesabu watu kwa kidole, akamkuta Sindano nje ya hesabu.

Aliyejibu ni Mama Mdogo, naye hakuwa akijibu swali.

— Shemeji yangu alikuwa hivyo hivyo, — alisema, akamgeukia dada yake. — Unakumbuka? Kamera ya kuazima ya ofisini kwao. Kila picha “sogeeni, sogeeni,” yeye kule nyuma anafumba jicho moja.

— Hakuna hata moja aliyokaa mwenyewe, — alisema Mama. — Nilimwambia hata akaudhika.

Sindano aliteremsha kamera.

— Hakuna hata moja? Katika zile za kwenye kopo?

— Hata moja, mwanangu.

— Mimi nilidhani ni maji. Lile bati.

Mama alimtazama jinsi mama anavyomtazama mtoto aliyemgundua kuwa amekuwa akichechemea.

— Miaka yote hii? Na hukuuliza? Maji yalichukua karatasi tu, baba. Yeye hakuwemo. Kila ulichokuwa unakitazama mle, ndiye alikuwa anakitazama. Haya njoo ukae, mwache huyo kijana apige.

Redio alikuwa karibu kusema kitu, Mama Birika akamkanyaga mguu.

Sindano alimkabidhi mgeni kamera. Alikwenda akachuchumaa mbele ya wazee wawili, na mikono miwili ikamshuka mabegani, mmoja huku, mmoja kule. Mgeni, angali kwa mguu mmoja, alisema, “Tulieni,” akabonyeza.

Hapo gari likapiga honi. Mizigo, kukumbatiana, kulia kidogo, kumfuata Redio aliyekuwa akimfundisha dereva njia asiyoijua. Katikati ya shughuli Sindano alimalizia ile mishono mitatu. Mgeni alivaa kiatu, akakikanyagisha, akasema, “Mungu akubariki, fundi,” akanywa kikombe cha mwisho cha birika akiwa amesimama. Gari lilipokunja kona na watu wakageuka wampige picha na yeye, kikombe kilikuwa juu ya benchi, kimefunikwa, naye hayupo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza jina.

Picha ilisafishwa mwezi uliofuata. Imeinama kidogo upande wa kushoto, kwa ajili ya ule mguu mmoja, na pembeni imeandikwa kwamba ilipigwa nne na dakika hamsini na moja, kwa hesabu ya mashine. Binti alipotumiwa nakala, alipiga simu kutoka hospitalini:

— Baba, nashukuru mno, nimewaona wote. Ila mbona mmewaamsha bibi zangu saa kumi alfajiri? Na hilo jua limetoka wapi?

Karani aliambiwa kwamba nne ya mashine ni kumi yetu, hakuja benchini siku mbili. Alipokuja na kitabu kuirekebisha, Sindano alikataa. Alisema kamera imeshaanza kazi na saa ya benchi, na benchi halijawahi kumchelewesha mtu. Yeyote atakayeikuta picha hiyo kwenye albamu ajue kwamba ilikuwa saa nne na dakika hamsini na moja asubuhi, jua limeshapanda, na watu sita wamo.

Mama Mdogo alifariki miaka miwili baadaye, huko kwake. Mama alimfuata baada ya miezi kumi na mmoja. Karani alifariki amevaa saa yake. Redio yupo, anaishi kwa mwanawe, amepungua mwili lakini si maneno. Mama Birika yupo na bado anauza. Sindano yupo, macho yamepungua, huitazama picha kwa kuisogeza dirishani. Aliyeipiga hatumjui kama yu hai. Sindano anasema mshono ule haukuwa wa kuachia mapema, na kwa hiyo katika nyumba hii tunamhesabu pamoja na walio hai.