Vigae vya Choo cha Msikiti

Asubuhi hiyo benchi la Yu Tumini, mama muuza kahawa, pale njia panda ya Karangjati, lilikuwa na watu wake wale wale, kahawa ya machicha na tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, vya kukaanga. Sarmidi, fundi baiskeli, alifika uso umemshuka. Kadi ya bima ya wenye kipato kidogo, ile inayolipiwa na serikali, imefutwa. Kadi hiyo ndiyo iliyompeleka mkewe Painem kwenye mashine ya kusafisha damu kila wiki. Ofisini kaambiwa mkaguzi alipiga picha sakafu yake, na nyumba yenye vigae si nyumba ya maskini.

Benchi zima likatazama vikombe. Vigae vile walivitandaza wao wenyewe, bure, Painem asiteleze kwenye udongo mvua ikinyesha. Vilikuwa mabaki ya choo cha msikiti, huku bluu, huku waridi, na mlangoni kimoja kimeandikwa VUA NDALA HAPA. Mkaguzi, mtu wa adabu zake, alivua.

— Si ungemwambia ni vya choo? aliuliza Parman Lele, mfugaji kambare.

— Nilimwambia. Kasema simu yake inajua vitu viwili tu, udongo na vigae.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, akanung'unika Lele. Huyu kaja, mwenyeji kalazwa.

Gepeng, aliyevipanga kwa mkono wake, alitaka vibanduliwe leo leo.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Tuiname, tuchimbe.

Lele akaona hiyo ni kazi ya bure: wavifunike tope, walaze mbuzi juu. Ndipo Profesa, aliyewahi kufagia chuo kikuu, akakohoa. Dawa ni talaka. Painem arudi kwa mama yake, kule sakafu ni udongo mtupu, apate kadi. Akipona, Sarmidi amuoe upya.

— Na mahari nachangia mimi, akasema Lele.

Wakacheka. Sarmidi hakucheka. Moyo ulimuuma kwamba kwa dakika nzima alikuwa ameipima talaka ile na kuiona ina akili. Akawachukia kidogo, akajichukia zaidi.

— Figo haziponi, Profesa, alisema. Anasafishwa ili aishi, basi.

Mara Painem mwenyewe akatokea, anatembea taratibu, miguu imevimba. Alikuwa amemfuata mumewe. Wakampisha akae, na Yu Tumini, kwa mazoea, akamwekea glasi ya chai ya tangawizi. Painem akaishika kwa mikono miwili bila kuinua. Mtu wa mashine hunywa kwa kipimo: anachokunywa leo, mashine ndiyo ya kumtolea kesho.

— Baba, alimwambia mumewe polepole, kesho nasafishwa, sisafishwi? Nijue kama niinywe hii chai.

Sarmidi akamtazama Gepeng. Gepeng akamtazama Profesa. Profesa akaangalia barabara.

Painem akairudisha glasi mezani ikiwa imejaa.