Imekwenda, Lakini Haikufika

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi yetu, Dokta Adelard Rweyongeza, shikamoo.

KARIBU
Karibu Tandale. Umetukuta tumekwangua tope na kupaka rangi mpya, ila ile alama ya maji chini ya dirisha tumeiacha makusudi. Utatuelewa sasa hivi.

TULIKOTOKA
Sisi wafanyakazi wa Zahanati ya Mama Rosalia tunahudumia watoto wenye selimundu. Mafaili yao yapo kwenye kompyuta, na kila jioni nakala hutumwa kwenye kompyuta nyingine tawini kwetu Goba, kule vilimani ambako maji hayapandi. Kila asubuhi karani wetu, Bi Sesilia, aliona kwenye kioo "imetumwa", akaandika daftarini: Imekwenda.

Mheshimiwa, kwenda ilikwenda. Haikufika. Goba walibadilisha neno la siri wasituambie, na kwa siku kumi na tisa nakala zetu zikawa zinagonga mlango uliofungwa. Mvua ikaingia ndani, kompyuta ya hapa ikafa, ndipo tukajua. Tulilia, hatukufichi.

TULICHOFANYA
Fundi wetu Benson alirudisha nakala ya mwisho iliyofika, akafungua faili moja moja kuhakikisha linasomeka. Zikabaki zile siku kumi na tisa: watoto mia mbili na sita, na hatukujua nani alibadilishiwa dozi. Bi Sesilia akapita nyumba kwa nyumba, tope mpaka magotini, akiomba kadi za kliniki. Mama mmoja, Chausiku, alimwambia, "Wee dada, maji yalipokuja nilishika mtoto na kadi. Godoro nimeliacha liende." Mtoto wa mwisho alikuwa amehamia Kurasini. Juzi naye kapatikana, alhamdulillahi.

KINACHOTUKWAZA
Kompyuta mpya ipo chini ya dirisha lile lile. Jingine ni letu wenyewe. Ndugu akisafiri kwenda mkoani hatulali bila kumuuliza, "Umefika?" Nakala za watoto hatukuziuliza hata siku moja, na daftari lile sote tulilisaini. Sasa lina safu mpya: Imefika. Haijazwi mpaka Goba wafungue faili na kutusomea jina la mtoto kwa simu.

OMBI
Tunaomba rafu ya juu ya kuwekea kompyuta.

La pili ni zito. Tunajua barua ya kumwachisha kazi Bi Sesilia ipo mezani kwako. Tunaomba uiache bila sahihi. Sauti hii inayokusomea ni yake. Alikataa katakata kusoma, sie tukamlazimisha, maana hakuna anayejua uzito wa lile neno daftarini kuliko yeye.

Mungu akujalie afya wewe na nyumba yako, na jioni akufikishe salama. Ukifika, tujulishe.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Zahanati ya Mama Rosalia, Tandale