Mtihani Umebadilishwa

Kwenye treni ya asubuhi, karani mmoja wa hospitali ninayesafiri naye kila siku alimfunulia abiria aliyekaa kando yake daftari lililojaa maandishi.

"Miezi saba, kaka! Nanyonyesha huku nakariri. Mtihani wa cheti cha kwanza cha teknolojia ya wingu, ile ya kuhifadhi data mtandaoni, ni keshokutwa, na leo ndiyo nasikia umebadilishwa!"

"Dada, teknolojia haimsubiri mtu."

"Nani kaiomba isubiri? Waniambie mapema, basi!"

Abiria alikohoa, akakiri kwamba yeye ni mwalimu wa somo hilohilo. "Hata mimi nimejua juzi."

"Na wanafunzi wako umewaambia?"

Nilitega sikio, nikaambulia honi. Treni iliposimama, mwalimu alishuka mbiombio. Karani, ambaye hospitali yake ilikuwa bado vituo viwili, akashuka nyuma yake.