Bi Taratibu na Mkono Uliobaki Angani

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Bi Taratibu atavua glavu zake nyeupe, atazima mitambo ya chumba cha picha na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia stesheni yetu ya televisheni. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, fundi wa sauti ninayepakana naye ukuta kwa ukuta, niandike habari zake. Nilikubali upesi, kisha nikajikuta sijui nishike wapi. Habari za wastaafu wengine huanza mwanzo zikaishia mwisho. Za Bi Taratibu zina kipande katikati ambacho hadi leo wenzake hatujaafikiana kama kilikuwa ushindi au kosa.

Aliingia hapa akiwa mke kijana wa fundi cherehani, akapewa kazi ya kukata na kuunganisha filamu. Kila mgeni aliyenyoosha kidole kugusa filamu aliambiwa neno moja tu, "Taratibu!", na ndilo likawa jina lake, hata mumewe akilitumia anapopiga simu. Zikaja kanda za video, akajifunza. Zikaja kompyuta, akajifunza pia, ingawa kwa miezi kadhaa tulimkuta akipuliza skrini kwa nguvu zote, akidhani doa liko kwenye kioo kumbe liko ndani ya picha. Glavu zake nazo zina sifa zao. Siku moja alizisahau mikononi akaenda nazo moja kwa moja kwenye harusi ya shemeji yake. Wiki iliyofuata wifi zake wawili walifika mapokezi kuulizia zinauzwa wapi.

Mengi aliyoyafanya yalipita hewani bila jina lake kutajwa. Tukisema "kazi ya Bi Taratibu", hata hivyo, kila mtu hapa anajua tunazungumzia *Wapangaji wa Mwezini*.

Walio na umri wangu wataikumbuka tamthilia ile: watu waliopanga vyumba mwezini, nahodha mwanamke aliyewasafirisha, na chombo cha angani kilichoundwa kwa mifuniko miwili ya sufuria. Tulipokuwa wadogo mitaa ilikuwa inakauka watu ikianza. Mkuu wa vipindi alipotangaza kwamba itasafishwa upya ili watu waitazame majumbani, kwenye televisheni zao kubwa za kisasa, tulipiga makofi. Kisha makopo ya filamu yakaletwa kutoka stoo.

Yalikuwa na kutu, na yakifunguliwa yananuka siki. Karatasi zenye namba za vipindi zilikuwa zimebanduka na kulala chini ya sanduku kama majani makavu. Hapakuwa na wa kutuambia kipi kinatangulia. Bi Taratibu akaanza kutazama kimoja kimoja, nami nikisafisha sauti, na kadiri tulivyotazama ndivyo vichwa vilivyozidi kutuzunguka. Katika kopo moja daktari wa mwezini anakufa, anazikwa, watu wanalia. Katika jingine yupo, anakunywa chai, na hakuna anayeshtuka. Katika baadhi ya vipindi chombo kinaruka huku na huko. Katika vingine kimeegeshwa tu, na wasafiri wanapanda na kushuka kama kwenye ngazi za nyumba.

Ni yeye aliyegundua kwamba nahodha alikuwa mjamzito. Kila akisimama anashika kofia yake ya chuma mbele ya tumbo, na kadiri tumbo linavyokua, kofia inazidi kusogezwa mbele. Basi akapanga vipindi vyote kwa kufuata tumbo. Tulifurahi, tukakaa kutazama tangu mwanzo, tukatoka tumechanganyikiwa kuliko tulivyoingia. Kwa mpangilio ule daktari alikuwa anakufa kwanza, halafu ndipo anakunywa chai.

Tukiwa bado tumo kwenye vululu vululu hiyo, Bi Taratibu aliendelea na usafi wenyewe. Alifuta mikwaruzo, akarudisha rangi zilizopauka, na kwa agizo la mkuu wa vipindi akaziondoa nyuzi zilizokuwa zinaning'iniza chombo. Zamani hazikuonekana; kwenye skrini kubwa zilikuwa nene kama kamba za kuanikia nguo. Aliziondoa picha baada ya picha kwa majuma mengi. Alipomaliza, mifuniko ile ya sufuria ilielea angani peke yake, na mkuu wa vipindi akatuita wote tuje tuone. Sijapata kumwona Bi Taratibu akitabasamu vile. Alituagizia soda.

Aliyemwalika nahodha ni yeye pia. Mwigizaji yule alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo, na alikuja ameshikwa mkono na mwanawe wa pekee, fundi wa friji. Bi Taratibu alimketisha, akamuuliza swali lililotusumbua: mpangilio wa vipindi ulikuwaje?

"Mwanangu, hata sisi tulikuwa hatujui," bibi akacheka. "Asubuhi tunapewa karatasi za kusoma, jioni tumeshakufa."

"Na daktari je? Alizikwa."

"Alizikwa, ndiyo. Watu wakalalamika, wakalia mpaka ofisini. Akarudishwa."

"Akarudishwa vipi?"

"Akarudi tu."

Kumbe tumbo lilisema kweli. Tulicheka mpaka machozi. Ndipo Bi Taratibu akampa zawadi aliyomwandalia, kipindi cha kwanza kikiwa kimesafishwa, chombo kikipaa bila uzi hata mmoja. Bibi alitazama akiwa ameinama mbele. Kilipofika katikati akauliza, "Mkono uko wapi?"

Hakuna aliyeelewa. Akaeleza polepole, kama anayezungumza na watoto. Aliyekuwa juu ya dari akizishika zile nyuzi na kukirusha chombo alikuwa mume wake. Katika kipindi cha kwanza aliteleza kidogo, mkono wake ukaingia kwenye picha, na mwongozaji akaona uvivu kurudia. Homa ilimchukua kabla mtoto hajazaliwa. Baada yake hakupatikana mwingine wa kukirusha, ndiyo maana chombo kikaegeshwa. Picha zao za harusi zilikwenda na mafuriko. "Nilimwahidi huyu," akasema, akimgusa mwanawe begani, "kwamba leo atauona mkono wa baba yake."

Fundi wa friji alitazama sakafu. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi masharubuni.

Bi Taratibu alivua glavu. Alimsogelea yule mwana, akamwambia, "Baba yako nilimfuta. Nilidhani ni uchafu. Sikujua ni mtu."

Kwa bahati, filamu yenyewe ilikuwa salama kwenye kopo, na nakala ya kwanza kabla ya usafi ilikuwa bado kwenye kompyuta. Aliitafuta, akaifungua. Pale juu, ukingoni mwa anga, ukatokea mkono: vidole vitano, kifundo, na kidole gumba kilichopinda kwa nyuma. Mwana alitazama skrini, akatazama gumba lake mwenyewe, akaomba irudishwe. Ikarudishwa. Akaomba tena.

Sisi wengine tulitoka nje, na ugomvi ukaanza. Mwenzetu mmoja alisema nyuzi zote na mkono virudi, ndivyo ilivyokuwa. Mwingine alisema watazamaji wa leo watacheka, na kazi ya majuma yote itakuwa bure. Mimi nilisema yote mawili, kutegemea nani ananisikiliza. Mkuu wa vipindi aliingia, akamkuta yule fundi wa friji bado amesimama karibu na skrini, akakaa naye kitambo. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyepotea njia.

"Nyuzi ziondoke," akasema. "Mkono ubaki."

"Mkono usio na uzi unashika nini?" Bi Taratibu akauliza.

"Sijui. Na wewe hujui. Uweke."

Akauweka. Kwa uangalifu uleule aliotumia kuufuta, aliurudisha mkono juu ya mwezi, hauna mwili wala uzi, na chini yake mifuniko ya sufuria inapaa. Aliniambia hajawahi kufanya kazi asiyoielewa kiasi kile, wala aliyoogopa zaidi kuikosea.

Tamthilia ilipotoka, simu hazikukatika. Mama mmoja alishukuru kwa kuwekewa mkono wa Mungu. Mwalimu wa shule ya msingi alisema darasa lake zima linasubiri jitu litokee, akataka kujua ni kipindi cha ngapi. Bwana mmoja alidai mitambo yetu ni mibovu. Mpokea simu alikimbia chumba cha picha kuuliza ajibu nini, na Bi Taratibu, bila kuinua macho, akamwambia, "Sema ni rubani." Tangu siku hiyo ndilo jibu letu rasmi, na halijamridhisha yeyote isipokuwa nyumba moja. Fundi wa friji alituletea habari kwamba wanawe hawana habari na nahodha wala daktari. Kipindi kikianza wanangoja mkono tu, ukitokea wanapiga kelele, "Babu huyo!", kisha wanarudi kucheza.

Katika miaka ya mwisho Bi Taratibu aliwafundisha vijana watatu kazi ya kusafisha picha. Kabla hawajafuta doa lolote, huwalazimisha kwanza waulize kila mtu aliye hai aliyeshiriki kutengeneza picha hiyo. Kazi imekuwa ya polepole kupita kiasi, na mkuu wa vipindi hulalamika kila mwezi. Hajathubutu kuipiga marufuku.

Bi Taratibu, kwa macho uliyoyachosha ili sisi tuone, ahsante. Mumeo ametuambia amekutengea kiti dirishani karibu na cherehani yake. Kaa, pumzika, na umri wako uwe mrefu wenye afya. Nenda salama, dada yetu. Na simu ikilia mtu akiulizia ule mkono, usiwe na wasiwasi: sisi tuliobaki tutajikaza kujibu, ijapokuwa wenyewe bado tunaulizana.