Miaka Mitatu ya Stanslaus Bila Gongo

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu mliotoka Kemambo na majirani wa Morotonga, familia inaomba mtusikilize mpaka mwisho, kwa sababu haya yanayosomwa yalitugawanya jana mchana, kaka mkubwa wa marehemu, Nyamhanga, alitaka tuseme tu kwamba aliugua kwa muda mfupi, lakini mjane, Scholastica, alikataa, akasema marehemu mwenyewe aliacha neno, na neno hilo tunalitii.

Marehemu Stanslaus Kisyeri alizaliwa tarehe 3 Juni 1978, Kemambo, wilayani Tarime, mtoto wa tano wa Mzee Kisyeri na Mama Luciana, alisoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1987 hadi 1993, na mwaka 1996 alianza kuwapikia wachimbaji wa dhahabu, akifundishwa na Oswaldi, mpishi aliyetoka Singida, ambaye pia ndiye aliyemtafutia kazi kwenye kambi ya watalii karibu na Natta mwaka 2004, wakapika jiko moja miaka kumi na sita. Tarehe 21 Oktoba 2006 alifunga ndoa na Scholastica mjini Mugumu, wakajenga hapa Morotonga, wakajaliwa Neema, Jackson na Simon.

Siku hizo Stanslaus alikuwa mtu wa bia mbili za mwisho wa mwezi, tena za kucheka na wenzake. Tarehe 26 Machi 2020, watalii walipoacha kuja kwa sababu ya korona, wafanyakazi waliambiwa waende nyumbani, watapigiwa simu, naye kwa wiki nyingi alishinda na simu mkononi, haiiti. Mwezi wa sita iliita, kumbe ni habari kwamba Oswaldi amefariki kwa kubanwa na pumzi, amezikwa harakaharaka na watu wachache, na Stanslaus hakupata kutupa hata konzi moja ya udongo. Tangu hapo, kwa kuwa aliogopa kubanana na watu vilabuni, alibeba gongo nyumbani, akawa anakunywa peke yake tangu asubuhi, hasemi na mtu, usingizi hana, anapishana na wanawe kama hawajui.

Jumanne tarehe 9 Februari 2021, saa nne asubuhi, alijifungia jikoni, akasema kwa ndani kuwa amechoka kuishi. Scholastica alimtuma jirani, Mama Bernadetha, akaite watu, yeye akakaa chini, mgongo mlangoni, ili amsikie akipumua.

"Baba Neema, fungua."

"Nifungue nikupe nini? Mimi ni mpishi wa wapi sasa?"

"Sijakuuliza kazi. Kila nikikuita, niitikie tu."

Akaita, akaitikiwa, akaita tena, wanaume walifika na shoka wakitaka kuvunja, akawazuia kwa mkono, na ilipokaribia saa saba aliita mara tatu bila jibu, mwenye shoka akasogea, ndipo komeo likavutwa, Stanslaus akatoka, akamwangukia mkewe begani.

Hospitalini waliambiwa ana magonjwa mawili, pombe na sonona, na kwamba yote yanatibika. Alijaribu kuacha, akarudia mara tatu, na kila aliporudia yeye mwenyewe alimwambia mkewe kabla hajaulizwa, hadi tarehe 5 Septemba 2021 alipokunywa mara ya mwisho. Mwaka uliofuata kambi ilimwita, akarudi jikoni, na kila Jumamosi ya mapumziko aliwatembelea wenzake ambao gongo ilikuwa haijawaachia. Mwaka 2023 iligundulika kuwa ini lilikwisha kuharibika, alilia siku moja, akaenda kazini kesho yake, akafariki tarehe 11 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa kwa Scholastica. Neno aliloacha ni hili: "Msiseme niliugua ghafla. Semeni gongo iliniharibu, na semeni niliiacha."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdharau, Mama Bernadetha na majirani wote, wafanyakazi wa kambi, na ndugu waliosafiri kutoka Kemambo. Wale aliokuwa akiwatembelea mko hapa na mnajijua, hatutawataja, ila Scholastica anasema Jumamosi hii atapita kwenu yeye.

Baba Neema, mume na ndugu yetu, umepambana mbele ya macho yetu, pumzika kwa amani.